Nani Aimbwe kwa Shingo ya Bi Mwanamvua

Sogeeni karibu. Aliye nyuma aje mbele, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo sitaki wasikilizaji tu, nataka mahakimu. Nitawapa watu watatu na shingo moja. Nitawaeleza kila mmoja alifanya nini, sitampendelea mtu, na mwisho nitanyamaza niwaachie kesi yenu.

Katika hospitali moja ya pwani, upande wa Tanga, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, walifanya kazi watu watatu. Wa kwanza ni Mzee Singano, mkubwa wa chumba, na kipaji chake kilikuwa mikono. Magongo ya wagonjwa, mbao za kunyooshea migongo, vyote alivitengeneza mwenyewe, na akimaliza alivisifia mwenyewe, hakungoja mtu. Wa pili ni Hiza Shemweta, kijana kutoka milima ya Lushoto, na kipaji chake kilikuwa sikio. Ukisema neno mbele yake leo, mwezi ujao atakurudishia lilivyo, na kikohozi chako ndani yake. Wa tatu ni Aurelia, mwanamke mrefu mwenye miwani, na kipaji chake ni adimu sana mjini kwetu: alijua kunyamaza. Umwambie siri asubuhi, jioni utadhani hukumwambia.

Na shingo ilikuwa ya Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua alikuwa kiongozi wa Waridi Jeupe, chama cha wanawake wa lelemama. Kwa asiyeijua lelemama, nimweleze kidogo. Si ngoma ya kuruka wala ya kukata kiuno. Wanawake hupanga safu moja, kanga sare, wapiga pembe za nyati wakawagongea kwa vijiti taratibu, na wao hucheza kwa vidole na shingo. Uso huenda bega la kulia, ukarudi, ukaenda la kushoto, safu nzima kwa pamoja. Anayezidisha ameharibu, na anayepunguza ameharibu. Uzuri wote uko shingoni, na shingo nzuri kupita zote ilikuwa ya Bi Mwanamvua. Alijua hivyo, wala hakujifanya hajui.

Sasa siku moja alikuwa ndani ya gari la shemeji yake, wamesimama wapishe ng'ombe wavuke barabara. Nyuma ikaja pikapu, dereva wake akiwa anatazama kwingine, ikawagonga. Kichwa cha Bi Mwanamvua kikaenda nyuma kikarudi mbele kama cha kuku anayedonoa. Hakutoka damu. Alishuka, akatengeneza mtandio wake, akamkemea yule dereva mpaka akaomba radhi kwa kila ng'ombe aliyepita. Kesho yake alipoamka ili asalimie jua, shingo ilikataa kugeuka. Picha ya hospitali ikaonyesha mifupa mizima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Katika Waridi Jeupe alikuwapo Bi Zamzam, aliyesimama wa pili kwenye safu na kuitamani ya kwanza kwa miaka. "Mimi simsemi mtu," alisema, na mtu akianza hivyo jua anasema. "Lakini mifupa ni mizima, mashindano yamekaribia, na wenzetu wa Pambo la Mji mwaka huu ni wakali. Mwenzangu anaogopa. Sasa tumwite Bi Shingo Upande, maana hata kucheza atacheza shingo upande."

Watu wakacheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Sheria ya chama iliachwa na bibi zao. Kiongozi aliyeumia kweli haondolewi mbele ya safu, bali chama huicheza ngoma kulingana na hali yake. Anayejisingizia maumivu kwa hofu ya kushindwa huvuliwa uongozi, na jina lake hutolewa kwenye nyimbo zote alizowahi kuimbwa. Bi Mwanamvua alikuwa na nyimbo nyingi. Kuwaza kwamba zitaimbwa na pengo pale jina lake lilipokuwa, kulimuuma kuliko shingo.

Mama mwenyekiti, Bi Kibibi, akatoa amri. "Mwanamvua arudi hospitali apimwe. Waseme shingo yake inageuka kiasi gani, kisha mje mniambie. Zamzam, uende naye uwe shahidi."

Wakaenda. Siku ya kwanza Hiza ndiye aliyempima, kwa rula ya pembe inayohesabu mgeuko kwa nyuzi, akasema shingo inageuka kushoto vizuri tu, karibu sawa na shingo isiyoumia. Siku ya pili Aurelia ndiye aliyempima, akasema haigeuki kitu. Siku ya tatu Mzee Singano mwenyewe ndiye aliyempima, naye akasema iko katikati, si nzima wala si mbovu. Shingo moja, wiki moja, majibu matatu. Bi Zamzam alirudi mjini akitembea kwa haraka, maana habari tamu haitaki kupoa.

Bi Mwanamvua aliona aibu ya mtu aliyeitwa mwizi na hajaiba. Alikwenda nyumbani, akakaa kitandani, akalia kidogo, kisha akafuta uso. Asubuhi akawa mbele ya mlango wa chumba cha mazoezi kabla haujafunguliwa.

"Shikamoo mama," Hiza akamwambia.

"Marahaba. Waite na wenzio." Walipokusanyika akawatazama mmoja mmoja, na kwa kuwa shingo haigeuki aligeuka mwili mzima, kama anayehutubia. "Niambieni. Shingo yangu ina akili ya kudanganya watu watatu, au watu watatu hamjui kupima shingo?"

Walikuwa watu wenye fahari na kazi yao, na swali lile lilipenya. Mwisho Mzee Singano akasema, "Bi Mwanamvua, Bi Kibibi angoje kwanza. Hatutatoa jibu mpaka jibu liwe moja."

Basi sikilizeni sasa, hapa ndipo kesi yenu inapoanza.

Mzee Singano alimkalisha Bi Mwanamvua kwenye benchi, akamwambia ageuke, naye akamzunguka huku amekunja mikono yake nyuma. Akaona kitu. Shingo ilipokataa, bega lilikwenda kuisaidia, na bega liliposhindwa, kiuno kilikwenda kulisaidia bega. Mwanamke yule alikuwa amezoea kugeuka kwa madaha, na mwili wake wote ulikuwa unaificha shingo isiaibike. "Tunapima mama mzima," alisema, "halafu tunasema tumepima shingo." Akaingia karakana. Alipotoka alikuwa na kiti chenye mgongo mrefu na mikanda ya kitambaa ya kufunga mabega na kifua, ili bega likitaka kwenda lisiende. Akashona na kofia ya kubana kichwa, mbele yake kijiti kama mkono wa saa, na chini yake ubao wa nusu duara ulioandikwa nyuzi. Shingo ikigeuka, kijiti kinasema. "Hakuna kiti kama hiki kutoka hapa mpaka Mombasa," alisema, na kwa mara hii huenda alisema kweli. Wakampima tena wote watatu. Majibu yakasogeleana, lakini bado yalipishana mno.

Hiza alikaa pembeni akasikiliza wenzake wakipima, macho ameyafumba. Alipoyafumbua aliwarudishia maneno yao na sauti zao. "Mimi nilimwambia mama, 'Geuka.' Ukimwambia mtu geuka, anageuka yeye wote, hata umfunge kiti atasukumana nacho. Dada Aurelia ulimwambia, 'Tazama kushoto.' Akatazama, macho yakaenda mpaka pembeni, shingo ikabaki. Mzee wewe ulimwambia, 'Geuza shingo mpaka iume.' Basi akasimama kabla haijauma, kwani nani anayafuata maumivu kwa miguu yake?" Ilikuwa kweli tupu. Hiza akatafuta neno siku nzima, akiwajaribia wagonjwa, walinzi na muuza maandazi. Mwisho akalipata, na likawa neno lile lile kwa kila mpimaji: "Peleka pua yako kwenye bega, pole pole, ukome pale inapokataa." Pua haina pa kwenda bila shingo. Bi Mwanamvua alipoambiwa hivyo alicheka, akapeleka pua, na shingo kwa mara ya kwanza ikafanya kazi yake peke yake. Wakapima wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akataja kipimo chake kwa sauti. Majibu yakawa sawasawa, hakuna hata uzi mmoja wa tofauti. Upande wa kulia mzima. Upande wa kushoto unafika nusu ya njia, unakataa.

Bi Mwanamvua alitaka kuinuka na kiti kikiwa mgongoni. "Niitieni Bi Kibibi," alisema.

Aurelia hakufurahi. Alikuwa amenyamaza kutwa nzima, na kunyamaza kwake kulikuwa kunatazama. Akamwita Mzee Singano nje, wakanong'ona, wakarudi. "Tupime mara moja tu tena," akasema. Mzee akapima, akakohoa, akataja kipimo cha ajabu, kikubwa kiasi kwamba mtu akikifikisha anatazama mgongo wake mwenyewe. Ikaja zamu ya Hiza. Hiza akatazama kijiti, akatazama ubao, akamtazama Mzee.

"Unasoma ngapi, Hiza?" Aurelia akauliza.

"Kama alivyosema Mzee."

"Wewe umeona nini?"

Hiza akainamisha kichwa. "Dada, nitampinga mzee vipi mbele ya mgonjwa?"

Mzee Singano alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, maana alielewa kwa nini Aurelia alimtaka ataje kipimo cha uongo. Kulingana kwao kote kulikuwa adabu, hakukuwa kipimo. Aurelia mwenyewe alikiri kwamba walipotaja vipimo kwa sauti, na yeye alisogeza jicho kidogo likutane na la mkubwa wake.

Bi Mwanamvua ndiye aliyekasirika. "Dada Aurelia," alisema, "nimeshinda kesi, nawe umeichana mikononi mwangu. Nani angejua?"

"Wewe ungejua," Aurelia akasema. "Na Bi Zamzam ana masikio. Ipo siku mmoja wetu angeropoka."

Bi Mwanamvua alikuwa bado amefungwa mikanda, kofia kichwani, kijiti kikielekea dirishani. Moyo wake ulitaka sana kuvimba, na alikuwa na haki. Kisha akasema, "Haya. Heshima ya kuazima siitaki. Pimeni upya."

Aurelia akaweka utaratibu wake. Mpimaji mmoja ndani, wengine nje na mlango umefungwa. Anayetoka hasemi neno, hanyooshi uso wala haukunji. Ananong'ona kipimo kwenye sikio la Bi Kibibi aliyeketi kwenye kiti mwisho wa korido, Bi Zamzam pembeni yake, na hakuna anayejua cha mwenzake. Warudie tena siku nyingine, baada ya Bi Mwanamvua kulala na kuamka, wasije wakakumbuka tu walichosema. Aurelia aliwafundisha kunyamaza kama wengine wanavyofundishwa kuimba. Mzee Singano ndiye aliyepata taabu zaidi, kwa sababu alitaka kila mtu ajue kiti kinafanya kazi.

Siku ya mwisho Bi Kibibi aliinuka, akawaita wote chumbani. Bi Mwanamvua alishika mikono ya kiti. Kwa wakati ule hakuomba ashinde. Aliomba tu majibu yasiwe matatu.

"Wanangu," Bi Kibibi akasema, "nimenong'onezwa mara nyingi mpaka sikio limechoka. Vipimo havikulingana kabisa. Huyu amezidisha kidogo, huyu amepunguza kidogo, kama mafundi wawili walioshona gauni moja. Lakini siku zote mbili, na kwa wote watatu, vimesema neno moja. Kulia anafika. Kushoto anafika nusu. Mtu hawezi kudanganya watatu waliofungiana mlango, kwa siku mbili, akakoma pale pale." Akamgeukia Bi Zamzam. "Shahidi una neno?"

Bi Zamzam alifikiri. Alikuwa na ulimi, lakini si mwongo. "Sina," akasema. "Shingo imeumia kweli. Nimekosea, Mwanamvua. Unisamehe."

Bi Mwanamvua alisamehe, si siku ile, lakini alisamehe. Jina lake likabaki kwenye nyimbo zote.

Ila kipimo cha kweli hakichagui cha kusema. Aliuliza kama shingo itarudi kabla ya mashindano, na Mzee Singano, ambaye hakuzoea kusema hawezi, alitikisa kichwa. Itarudi taratibu, kwa mazoezi, labda mwaka, na huenda isirudi yote. Siku hiyo Bi Mwanamvua alirudi nyumbani akiwa na heshima yake yote na nusu ya shingo yake. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akatuma watu waiite safu.

"Mnajua naishia wapi," aliwaambia, "kwa sababu shingo imepimwa, haina ubishi. Kulia tutakwenda mpaka bega. Kushoto tutakwenda mpaka hapa." Akapeleka pua, pole pole, akakoma pale ilipokataa. "Safu nzima ikome hapa. Sheria ya bibi zetu inasema ngoma ichezwe kulingana na hali ya kiongozi. Atakayepita hapa ameniacha peke yangu."

Wakafanya mazoezi. Kukoma katikati ni kugumu kuliko kufika mwisho, kwa sababu mwisho unakukomesha wenyewe. Bi Zamzam, aliyesimama wa pili, ndiye aliyeshika kipimo kupita wote, na wenzake wakawa wanamtazama yeye.

Siku ya mashindano Pambo la Mji walicheza kwanza, wakacheza vizuri, mimi sitawanyima chao. Halafu wakaja Waridi Jeupe, kanga nyeupe zenye waridi pembeni. Pembe zikagongwa. Nyuso zikaenda kulia mpaka begani, zikarudi, zikaanza kwenda kushoto, na katikati ya njia, pale ambapo kila mtu uwanjani alijua uso bado unaendelea, zikasimama. Zote. Uwanja mzima ulishika pumzi, kama anayengoja mtu amalizie sentensi. Zikarudi taratibu, na hapo watu wakainuka kwenye viti, na ushindi ukawa wa Waridi Jeupe. Tangu siku ile mgeuko ule una jina, unaitwa mkomo, na hata Pambo la Mji wanaucheza ingawa hawasemi wameutoa wapi. Bi Mwanamvua alisimama mbele, kidevu juu, na furaha aliyokuwa nayo hakuificha.

Lakini kesi yenu haijafika mwisho, mahakimu. Kila mwaka, mshindi wa lelemama huimba ubeti mmoja wa shukrani, na katika ubeti ule hutajwa jina moja. Anayetajwa huvikwa kanga ya chama, hukalishwa mbele kila mwaka mpaka kufa kwake, na jina lake huimbwa na mabinti wa mabinti. Na usinyooshe mkono kuniambia awataje wote watatu. Bi Mwanamvua alilifikiria kabla yako. Bi Kibibi akamwambia, "Mizani ya ubeti inabeba jina moja. Ukiwaimba watatu hujamwimba mtu."

Basi siku moja kabla ya mashindano alikuwa amekwenda kuwaalika, na akawauliza kila mmoja peke yake, akishinda amwimbe nani, kwa utaratibu ule ule wa kufunga mlango.

Mzee Singano hakuona haya. "Neno la Hiza ni zuri," alisema, "lakini bila kiti, bega lako lingeendelea kuiba. Na kunyamaza kwa Aurelia kungefaa nini, kama kilichopimwa ni mama mzima? Mimi ndiye niliyeitenga shingo na mwili. Kiti hicho leo kinapima shingo za watu wote waliogongwa kwenye barabara hii."

Hiza alizunguka kwanza, kwa adabu, kisha akasema. "Mama, kiti ni mbao. Mbao haimwambii mtu afanye nini. Ulifungwa kwenye kiti kile kile na bado tulikupa majibu matatu, mpaka tukapata neno. Na uliposimama mbele ya safu yako ukawaonyesha pa kukoma, ulipeleka nini? Ulipeleka pua."

Aurelia alinyamaza kwanza, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Walikupa kipimo kizuri. Mimi nilikupa sababu ya kukiamini. Bila mlango uliofungwa, tungekuwa tunakubaliana kwa heshima, na Bi Zamzam asingesema amekosea. Nilikukasirisha siku ile. Sijui kama hilo linahesabiwa au linapunguzwa."

Bi Mwanamvua alirudi nyumbani hakula. Kila alipoliweka jina moja kwenye ubeti, mawili yaliyobaki yalimtazama. Kiti bila neno hakikutosha. Neno bila kimya halikutosha. Kimya bila kiti ni kimya tu.

Sasa pembe zimenyamaza. Bi Mwanamvua amesimama mbele ya safu, na watu watatu wameketi kwenye viti vya mbele, mbele yake kabisa, kwa sababu aliomba wasikae kulia wala kushoto, shingo isije ikaamua badala yake. Mzee Singano amevaa kofia mpya. Hiza ameinamisha kichwa, sikio limesimama. Aurelia amekunja mikono, hasemi kitu. Wapiga pembe wanamngoja. Ameanza ubeti, sauti yake imepanda, na imefika pale penye jina.

Mimi ninaishia hapa. Wewe uliyekaa mbele yangu na mdomo wazi, sema: kama sauti ile ingekuwa yako, ungemwimba nani?